Uzi: Visiwa vya Faroe, watu 54,000 walivyotoka kufungwa 7 hadi kuiangusha Czech

Mtoa mada

Wakuu, habari za majukumu.

Oktoba 2025 Visiwa vya Faroe waliipiga Montenegro 4-0 tarehe 9, na siku tatu baadaye wakaifunga Jamhuri ya Czech 2-1. Tangu siku hiyo kila ninaposoma habari za timu hii nakutana na neno "muujiza". Neno hilo silikubali hata kidogo. Naifuatilia timu hii muda mrefu, na ninachokiona ni kazi ya miaka 35 ambayo sehemu kubwa ilikuwa kufungwa. Ngoja nianze mwanzo, na anayejua zaidi aongeze.

Faroe ni visiwa 18 vilivyo baharini kati ya Scotland, Norway na Iceland. Watu wake ni kama 54,000. Wote wakiingia Uwanja wa Mkapa, wazee na watoto wachanga kwa pamoja, viti bado vitabaki. Wamo ndani ya ufalme wa Denmark, ila wana bunge na serikali yao, na sheria ya kujitawala mambo ya ndani waliipata 1948. Maisha yao ni samaki. Samaki wakipungua, nchi nzima inaumwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uvuvi na mabenki yao vilianguka, maelfu ya watu wakahamia Denmark. Hilo lishikeni, kwa sababu timu ya taifa ilianza mechi zake rasmi katika miaka hiyohiyo ya shida.

Mpira wenyewe ni wa zamani kule. Klabu ya TB ya Tvøroyri ni ya 1892. HB ya Tórshavn na KÍ ya Klaksvík zote ni za 1904, na ligi ilianza 1942. Timu ya visiwa ilicheza na Shetland mwaka 1930 ikafungwa 5-1, na baada ya hapo miongo kadhaa ikapita wakicheza na majirani tu: Shetland, Orkney, Iceland. Mechi za kirafiki, za heshima, zisizokuwa na msimamo wa kundi wala cha kugombea. Shirikisho lao waliliunda 1979. FIFA ikawapokea 1988, UEFA (shirikisho la mpira la Ulaya) ikawapokea 1990. Hii miaka miwili ndiyo naiona kubwa kuliko mechi yoyote waliyowahi kushinda, na nitaeleza kwa nini.

Mtoa mada

Naendelea. Hii sehemu wengi mmeisikia juujuu, mimi nataka kuieleza vizuri.

Mara tu baada ya kupokewa UEFA, wakaingizwa kwenye kundi la kufuzu Euro 92 pamoja na Yugoslavia, Denmark, Austria na Ireland Kaskazini. Tatizo la kwanza: visiwa vizima havikuwa na uwanja wa nyasi uliokubalika kwa mechi ya kimataifa. Kwa hiyo "nyumbani" kwao kukawa Landskrona, mji wa Sweden. Tarehe 12 Septemba 1990 wakaenda kuchezea nyumbani ugenini, na mgeni wao alikuwa Austria iliyotoka kucheza Kombe la Dunia Italia miezi michache tu kabla. Mshambuliaji wao Toni Polster na wenzake walikuja kuhesabu mabao.

Golini alisimama Jens Martin Knudsen, dereva wa forklift katika kiwanda cha samaki, kichwani kavaa kofia nyeupe ya sufi yenye kishungi juu. Aliwahi kuumia kichwa akiwa kijana, na kofia ile ikawa kinga yake. Mbele kulikuwa na Torkil Nielsen, muuza mbao, ambaye pia alikuwa mchezaji hodari wa sataranji kule kwao. Kocha alikuwa Páll Guðlaugsson kutoka Iceland. Timu nzima ya ridhaa, watu wenye kazi zao za kurudia.

Kipindi cha pili Nielsen akauchukua mpira, akapita katikati ya mabeki, akapiga. 1-0. Ikabaki hivyo hadi filimbi ya mwisho. Kocha wa Austria, Josef Hickersberger, akajiuzulu. (Alirudi baadaye kuifundisha Austria tena na ndiye aliyekuwa nayo Euro 2008.)

Wakuu, simulizi nyingi huishia hapo, kofia na mbao basi. Mimi naona mambo ndiyo yalianza hapo. Mwezi uliofuata wakaenda Copenhagen kucheza na Denmark wakapigwa 4-1. Mei 1991 wakapata sare ya 1-1 Belfast, wakatoka hapo wakaenda Belgrade wakala 7-0. Mechi 8, ushindi mmoja, sare moja, mabao 26 ya kufungwa. Yugoslavia waliongoza kundi lile, lakini vita vikawafanya waondolewe kwenye mashindano, Denmark waliokuwa wa pili wakaitwa dakika za mwisho na wakalibeba kombe lenyewe. Kwa hiyo mechi zao za kwanza rasmi maishani zilikuwa za kundi lililomtoa bingwa wa Ulaya.

Mchujo wa Kombe la Dunia 1994 ukawa mbaya zaidi: mechi 10, pointi 0, bao 1 la kufunga, 38 za kufungwa. Romania 7-0. Nje ya mchujo, Norway nao wakawapiga 7-0 kwenye kirafiki ya 1993, tena hapohapo nyumbani Toftir, ambako mwaka 1991 walikuwa wamefungua uwanja wa nyasi wa Svangaskarð ili waache kukodi uwanja Sweden.

Jiulizeni: nchi ngapi zingevunja timu hapo? Au zingebadilisha kocha kila baada ya mechi tatu?

Mchangiaji (Mombasa)

Sheikh, uzi mtamu, asante. Lakini hapa mbona unapita kando ya jambo kubwa? Hawa wana Denmark nyuma yao na fedha za UEFA. Nchi tajiri, barabara nzuri, kila kitu kipo. Mpe mtu yeyote pesa hizo naye atapanda. Sisi Kenya tuna vipaji vya kumwaga, tatizo letu ni mfuko na wanaoushika.

Mtoa mada

Mkuu wa Mombasa, hoja yako ni nzito na siikwepi. Fedha zipo. UEFA ina mpango wake wa kusaidia mashirikisho kujenga viwanja na kuendeleza vijana, na Faroe wamefaidika nao. Wana viwanja vya nyasi bandia visiwani kote, hata vijiji vidogo, na hilo kwa hali ya hewa ya kule si anasa. Upepo na mvua za bahari ile haziachi nyasi za kawaida zisimame. Kabla ya nyasi bandia walikuwa wakicheza kwenye changarawe.

Lakini angalia mfuatano. Fedha hizo huja kwa mwanachama. Asiye mwanachama haandikiwi hata barua. Mlango ulifunguka 1988 na 1990, fedha zikafuata. Na kuna nchi za Ulaya zenye hela kuliko Faroe na zilizoingia mapema kuliko wao. Liechtenstein ni tajiri wa kupindukia, San Marino nao hawalali njaa. Tazama matokeo yao na ya Faroe. Kwa hiyo fedha ni sharti mojawapo, haitoshi peke yake.

Kingine kilichowasaidia ni uvumilivu na makocha. Mwaka 1994 walimchukua Allan Simonsen, yule Mdenmark aliyechaguliwa mchezaji bora wa Ulaya 1977. Akakaa nao hadi 2001. Miaka saba! Chini yake wakaifunga San Marino nyumbani na ugenini mwaka 1995, ile ya ugenini mabao yote matatu akifunga Todi Jónsson. Mwaka 1997 wakaifunga Malta mara mbili. Mwaka 1999 wakatoka 1-1 na Scotland. Unaona ngazi hiyo? Kwanza unamfunga mdogo mwenzako, kisha unamsumbua wa kati, ndipo baadaye kabisa unamgusa mkubwa.

Mchangiaji (Dar)

Mkuu mimi nakumbuka ile ya Scotland nyingine, walikuwa wanaongoza 2-0. Ilikuwa lini?

Mtoa mada

Septemba 2002, Toftir, mchujo wa Euro 2004. John Petersen alifunga mawili ndani ya robo saa ya kwanza. Scotland ya Berti Vogts, mtu aliyekuwa ametwaa Euro 96 akiwa na Ujerumani, ikahangaika hadi ikasawazisha 2-2.

Na katika mchujo huohuo kuna mechi mbili naziweka juu kuliko hiyo. Ujerumani walikuwa wametoka kucheza fainali ya Kombe la Dunia. Oktoba 2002 waliwakaribisha Faroe Hannover, wakashinda 2-1 kwa jasho. Juni 2003 wakaenda Tórshavn, na hadi dakika ya 88 ubao ulikuwa bado 0-0. Ujerumani walifunga mawili mwishoni kabisa. Msimamo wa kundi unaandika "amefungwa", lakini timu iliyokula 7 miaka kumi nyuma sasa ilikuwa inajua kukaa nyuma ya mpira, kuziba katikati na kumlazimisha mpinzani apige krosi. Hivyo vitu hufundishwi kwenye kirafiki na Shetland. Unafundishwa na Klose, mshambuliaji wa Ujerumani, anapokutafuta dakika 90.

2007 Italia mabingwa wa dunia walikwenda Tórshavn, wakashinda 2-1 tu, Inzaghi mawili, Rógvi Jacobsen akawarudishia moja. Kwenye mechi ya marudiano Italia Jacobsen akafunga tena.

Sifichi upande wa pili. Kati ya 2001 walipoifunga Luxembourg na Septemba 2009 walipoifunga Lithuania 2-1 pale Toftir, hawakushinda mechi hata moja ya mashindano. Miaka minane. Lithuania waliifunga wakiwa na Brian Kerr wa Ireland, na Kerr huyohuyo akaifunga Estonia 2-0 mwaka 2011. Baada yake akaja Lars Olsen, nahodha wa Denmark ile ya Euro 92, akakaa nao miaka minane hadi 2019. Hawabadilishi benchi la ufundi ovyo. Kila kocha alikuta kitu akaongeza chake.

Mchangiaji (Unguja)

Assalaam alaykum. Mtoa mada, nimesoma kimya kimya lakini hapa lazima niseme, maana mada hii kwetu sisi inauma. Faroe wana bunge lao, sisi tuna Baraza la Wawakilishi. Wao wamo ndani ya ufalme, sisi tumo ndani ya Muungano. Wao 54,000, sisi kwa sensa ya 2022 tunakaribia milioni 1.9. Wao wanacheza na Croatia kutafuta Kombe la Dunia. Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, wanasubiri Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati. Machi 2017 CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilitupa uanachama kamili, watu wakasherehekea barabarani, Julai mwaka huohuo ukafutwa. Naomba unieleze bila kunipamba: wao walipitaje pale sisi tulipokwama?

Mtoa mada

Waalaykum salaam ndugu yangu. Nakujibu ninavyoelewa.

Walipita mapema, kabla mlango haujabanwa. Mwaka 1988 FIFA haikuwa na ugumu wa leo, na Denmark hawakuweka kipingamizi. Uingereza nayo ina mashirikisho manne tangu karne ya 19. Baadaye mambo yakabadilika. Gibraltar, eneo la Uingereza lililo kusini mwa Hispania, walipoomba kuingia UEFA mwishoni mwa miaka ya 1990, Hispania wakapinga, na 2001 UEFA ikaandika kwenye katiba yake kwamba mwanachama mpya lazima awe nchi inayotambuliwa na Umoja wa Mataifa. Gibraltar wakaenda mahakama ya michezo, wakapambana miaka na miaka kwa hoja kwamba maombi yao yalitangulia kanuni hiyo. Waliingia UEFA 2013, FIFA 2016. Faroe wangeomba leo, wangegonga ukuta uleule.

Kwa Zanzibar, sababu iliyotolewa na CAF ya kuufuta uanachama ni kwamba haiwezi kuwa na mashirikisho mawili kutoka nchi moja. Kuhusu siasa zake siingii, uzi utahama. Lakini kimpira naliona pengo wazi. Zanzibar ilibeba Chalenji 1995. Desemba 2017, miezi michache baada ya kufutiwa uanachama, ilifika fainali Machakos na ikatolewa na Kenya kwa penalti. Timu yenye uwezo huo ingecheza mechi za kufuzu AFCON kila mwaka ingekuwa wapi? Sidai ingefika Kombe la Dunia. Nasema ingekuwa na miaka mingi ya kupimwa na Misri, Cameroon, Zambia, na huo ndio utajiri wa Faroe. Sasa hivi mchezaji wa Zanzibar anayetaka mechi rasmi ya kimataifa anaipata Taifa Stars, kama Feisal Salum. Ni njia, lakini ni nafasi chache kwa visiwa viwili vizima.

Mchangiaji (Aarhus, Denmark)

Wakuu, nipo Denmark miaka mingi, niongeze kipande. Mnaulizia Faroe na Zanzibar, lakini mlinganisho ulio karibu zaidi upo ndani ya ufalme huuhuu: Greenland. Watu wao kama 56,000, yaani karibu sawa na Faroe. Bunge lao wanalo. Mpira wanaupenda. Lakini si wanachama wa FIFA wala wa bara lolote. Waliomba Concacaf, shirikisho la Amerika Kaskazini, Kati na Karibea, na Juni 2025 wanachama wa Concacaf walikataa kwa kauli moja. Timu yao inaishia mashindano ya visiwa na kirafiki.

Mtoa mada

Mkuu wa Aarhus, umenipa nilichokuwa nakitafuta. Ufalme mmoja, idadi ya watu karibu sawa, jezi mbili tofauti. Mmoja ana uwanja wa UEFA, mwingine hana hata mechi ya kufuzu. Najua Greenland ina ugumu wake: umbali kati ya miji, baridi kali, hakuna barabara ya kuunganisha mji na mji. Faroe wao wamechimba mahandaki ya magari chini ya bahari. Lile la kwenda Klaksvík lilifunguliwa 2006, na lile la Eysturoy mwishoni mwa 2020. Kijana wa Klaksvík anaendesha gari kwenda Tórshavn kwenye mazoezi na kurudi siku hiyohiyo. Lakini hata ukitoa mahandaki, tofauti ya mechi rasmi inabaki kubwa. Na ikumbukwe Faroe walibeba mashindano hayohayo ya visiwa 1989 na 1991. Wangeachwa humo, pengine hadi leo wangekuwa mabingwa wa visiwa na basi.

Nimalizie miaka kumi ya mwisho, maana watu wa PM mnanisukuma.

Novemba 2014, Piraeus. Ugiriki wa 18 kwenye viwango vya FIFA, Faroe wa 187. Jóan Símun Edmundsson anafunga, 1-0. Claudio Ranieri akatimuliwa, na mwaka mmoja na nusu baadaye akawa bingwa wa Uingereza na Leicester. Juni 2015 marudiano Tórshavn, Faroe tena, 2-1, Hallur Hansson na Brandur Hendriksson Olsen. Kumfunga mkubwa mara moja inatokea. Kumfunga mara mbili katika kundi moja, nyumbani na kwake, hapo kuna timu.

Mchujo wa Kombe la Dunia 2018: pointi 9, nafasi ya nne, juu ya Latvia na Andorra. Kumbuka ule mchujo wa pointi 0. Mwaka 2017 vijana wao wa chini ya miaka 17 wakafuzu fainali za Ulaya Croatia, mara ya kwanza kwa timu yoyote ya Faroe. Walifungwa, tena mabao mengi, na hawakuomba radhi kwa mtu. Mwaka 2020 wakiwa na Håkan Ericson wa Sweden wakaongoza kundi lao la Ligi ya Mataifa bila kupoteza, wakapanda daraja. Septemba 2022 wakaifunga Uturuki 2-1 Tórshavn. Na 2023 KÍ ya Klaksvík ikaenda Budapest kumpiga Ferencváros 3-0 kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa, kisha ikawa klabu ya kwanza ya Faroe kucheza hatua ya makundi Ulaya, kwenye Ligi ya Conference (mashindano ya tatu ya klabu za Ulaya), ikatoka sare na Lille na kuifunga Olimpija Ljubljana 3-0. Hao wachezaji ndio wanaorudi timu ya taifa wakiwa hawaogopi jina la mtu.

Mchangiaji (Dar)

Na huu mchujo wa 2026 uliishaje? Nilisikia walikuwa na nafasi hadi mechi ya mwisho.

Mtoa mada

Ndiyo mkuu. Kocha sasa ni Eyðun Klakstein, mwenyeji wa visiwani. Walianza vibaya, wakafungwa 2-1 na Czech na 1-0 na Montenegro. Wakaifunga Gibraltar 2-1, wakapoteza 1-0 kwa Croatia nyumbani, mechi ambayo mimi naona walistahili sare, wakaifunga Gibraltar tena 1-0. Halafu ile wiki ya Oktoba: 4-0, kisha 2-1 dhidi ya Czech, Hanus Sørensen akifungua, Czech wakisawazisha, Martin Agnarsson akiua mchezo dakika chache baadaye. Kocha wa Czech, Ivan Hašek, akafukuzwa kazi. Sasa wahesabu wenyewe: Hickersberger, Ranieri, Hašek.

Tarehe 14 Novemba wakaenda Rijeka wakihitaji matokeo mbele ya Croatia. Géza Dávid Turi akafunga kwanza, Croatia wakageuza, 3-1. Wakamaliza wa tatu: mechi 8, ushindi 4, pointi 12, mabao 11 ya kufunga na 9 ya kufungwa. Czech walikuwa mbele kwa pointi 4 wakaenda mtoano.

Nikipata nafasi nitaweka uzi wa pili kuhusu akademi zao na jinsi ligi ya timu 10 inavyozalisha wachezaji wa kwenda Denmark na Norway. Mwenye takwimu za Chalenji za Zanzibar tangu 1995 aziweke hapa, nazihitaji kwa ajili ya huo uzi.